Uhandisi wa programu: mshahara mnono hauji pamoja na cheti

Septemba 2019 ilileta habari mbili ambazo ni nadra kutajwa pamoja. Ya kwanza ilihusu Mumias: benki ya KCB iliiweka Kampuni ya Sukari ya Mumias mikononi mwa meneja mrasimu, yaani msimamizi anayeshika mali ya kampuni kwa niaba ya wadai. Wakaazi wa Mayoni hawahitaji kusimuliwa hiyo. Ya pili ilitoka Nairobi, Kampala na Lagos. Kampuni ya Andela, ambayo kwa miaka mitano ilisifiwa kama mlango wa vijana wa Afrika kuingia katika kazi za kompyuta zenye mishahara mikubwa, ilitangaza kwamba inawaachilia wahandisi chipukizi zaidi ya 400. Hadi 170 kati yao walikuwa Kenya.

Habari hiyo ya pili inafaa kusomwa kwa makini na kila mzazi wa Matungu ambaye mtoto wake amesema anataka kusomea kompyuta. Ndani yake mna jibu la swali linaloulizwa sana majumbani: kama wahandisi wa programu hulipwa vizuri hivyo, na kama kampuni hulalamika kila mara kwamba hazipati wa kutosha, mbona kuna vijana wenye cheti, hata shahada, waliokaa nyumbani?

Kwanza, maana ya kazi yenyewe. Mhandisi wa programu hubuni, huandika na hutunza programu za kompyuta na simu: ile inayotuma pesa, ile inayohifadhi rekodi za wagonjwa hospitalini, ile inayotumika kutoza ushuru. Maagizo anayoandika ili kompyuta iyafuate huitwa msimbo. Huyu si fundi wa kukarabati kompyuta, wala si mhudumu wa saiba. Kozi nyingi za miezi mitatu zinazotangazwa sokoni kama "kompyuta" ni za pakeji, yaani kupiga chapa, kuandaa hesabu katika jedwali na kutumia programu ambazo wengine wameshaziandika. Ujuzi huo una faida yake katika ofisi, na hakuna ubaya kuusomea. Lakini mzazi anayelipia pakeji akidhani analipia uhandisi wa programu amenunua kitu kingine.

Kilichotokea Andela

Andela ilianzishwa mwaka 2014 jijini Lagos, na mwaka uliofuata ikafungua kituo Nairobi. Mpango wake ulikuwa wa kuvutia. Kampuni ingechagua vijana wenye akili na bidii, iwafunze kwa miezi kadhaa huku ikiwalipa, kisha iwapangie kazi katika kampuni za Marekani na kwingineko, kijana akifanya kazi akiwa hapa hapa Afrika. Waombaji walikuwa wengi mno. Waliokubaliwa hawakufika mmoja katika kila mia. Wawekezaji nao walivutiwa. Mwaka 2016 kampuni ilipata dola milioni 24 katika awamu iliyoongozwa na taasisi ya Mark Zuckerberg na mkewe Priscilla Chan, na Januari 2019 ikapata dola nyingine milioni 100.

Miezi minane baadaye ndipo tangazo likatoka. Kampuni haikusema kwamba vijana hao hawana akili, wala kwamba kazi zimekwisha duniani. Ilisema kwamba wateja wake sasa wanataka wahandisi wenye uzoefu, na kwamba haina tena kazi ya kutosha kwa chipukizi iliokuwa imewafunza. Katika tangazo lile lile ilisema kwamba inapanga kuajiri wahandisi wenye uzoefu 700 kufikia mwisho wa mwaka 2020.

Msomaji asiipite sentensi hiyo haraka. Kampuni moja, siku moja, ilifunga mlango kwa zaidi ya watu 400 na kuufungua kwa 700 wa taaluma iyo hiyo. Malalamiko ya waajiri kwamba hawapati watu ni ya kweli, na malalamiko ya vijana kwamba hawapati kazi ni ya kweli pia. Wanaotafutwa ni wale ambao tayari wamefanya kazi miaka mitatu, minne au mitano. Wanaotafuta, wengi wao, wametoka tu chuoni.

Miaka ya kupalilia

Mkulima wa miwa anaijua hali hii hata kama hajawahi kugusa kompyuta. Muwa ukipandwa huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla ya kukatwa. Kwa muda huo wote shamba linakula: kulima, mbegu, mbolea, palizi la kwanza na la pili. Zamani, kwa mkataba, kampuni ndiyo iliyobeba gharama hizo mwanzoni, kisha ikazikata kwenye malipo ya mavuno. Mkulima asiye na akiba aliweza kupanda kwa sababu kulikuwa na mwenye mfuko mkubwa aliyekubali kungoja naye. Kampuni ilipoanguka, ardhi ya Mayoni haikuharibika na muwa haukusahau kuota. Aliyeondoka ni yule wa kungoja.

Mhandisi chipukizi ni shamba la aina hiyo. Katika mwaka wake wa kwanza kazini mara nyingi hula zaidi ya anavyozalisha, kwa sababu mhandisi mkuu huacha kazi yake ili kumwelekeza, na makosa yake hurekebishwa na wengine. Faida huanza kuonekana baadaye. Na tofauti na muwa, huyu ana miguu: akishakomaa anaweza kuhamia kampuni nyingine inayolipa zaidi. Basi kampuni nyingi huamua kwamba ni nafuu kumchukua aliyekomaa shambani kwa jirani. Andela ilikuwa mojawapo ya chache zilizokubali kungoja, na tangu 2019 mzigo huo wa kungoja umerudi kwa kijana na jamaa zake.

Kwa hiyo familia inayofanya hesabu ya taaluma hii isiishie kwenye karo. Karo ndiyo sehemu inayoonekana, na kwa sehemu hiyo kuna msaada wa HELB na wa basari. Gharama kubwa zaidi iko kati ya siku ya kuhitimu na siku ya mshahara wa kwanza wa maana, kipindi ambacho hakina basari. Kinaweza kuwa mwaka mmoja, kinaweza kuwa mitatu. Katika kipindi hicho kijana anahitaji kipakatalishi kinachofanya kazi, umeme, bando la intaneti la kila siku na chakula, na huku majirani wanauliza mbona aliyesoma bado hajajenga.

Ni kitu gani hasa kinachokomaa?

Watu wengi hudhani kwamba mwenye uzoefu anajua lugha nyingi za kuandikia programu kuliko chipukizi. Hiyo ni sehemu ndogo. Lugha ya kwanza, iwe Python au JavaScript, inaweza kujifunzwa kwa miezi michache, na masomo yake yamejaa mtandaoni bila malipo. Kinachokomaa polepole ni kujua mambo yatakavyoharibika.

Chukua mfano wa mfumo wa kupokea karo ya shule kwa M-Pesa. Mzazi akilipa, Safaricom hutuma taarifa kwenye mfumo wa shule kwamba mwanafunzi fulani amelipiwa kiasi fulani, na mfumo unapunguza deni lake. Chipukizi anaweza kuandika hayo kwa wiki moja, na mbele ya mwalimu mkuu mfumo ukafanya kazi vizuri kabisa. Halafu inafika siku ya kufungua shule. Intaneti inakatika kwa dakika mbili, mfumo haujibu, na taarifa ya malipo yale yale inatumwa mara ya pili. Mfumo wa chipukizi unaipokea kama malipo mapya, na mwanafunzi aliyelipiwa shilingi 5,000 anaandikwa 10,000. Mwingine aliyelipiwa wakati mtandao umezimika haonekani kabisa, na anarudishwa nyumbani kwa karo ambayo mama yake ameshaituma. Mhasibu wa shule anashinda siku tatu akilinganisha daftari na simu.

Mhandisi aliyewahi kuona siku kama hiyo huandika mfumo wake tofauti tangu mwanzo. Kila malipo ya M-Pesa yana nambari yake ya kipekee. Mfumo hukagua nambari hiyo kwanza, na ikiwa imeshapokewa hauihesabu tena. Kila usiku hulinganisha orodha yake na ile ya Safaricom ili kutafuta malipo yaliyopotea. Huweka kumbukumbu ya kila badiliko ili mhasibu aone nani alibadilisha nini na lini. Hakuna lolote kati ya hayo linaloonekana mfumo unapoonyeshwa kwa mara ya kwanza, na hayo ndiyo anayolipwa.

Mengine hukomaa kwa njia iyo hiyo: kusoma msimbo ulioandikwa na mtu aliyeshaacha kazi, wenye maelfu ya mistari na maelezo haba, kubadilisha mfumo bila kuuzima watu wakiutumia, kumwuliza mteja maswali hadi atambue kwamba alichoagiza sicho anachohitaji, kuandika barua ya Kiingereza iliyonyooka kwa mtu aliye bara jingine, ikieleza kosa, sababu yake na siku litakaporekebishwa. Hili la mwisho huwashinda wengi ambao hesabu hazikuwashinda. Mwanafunzi anayedharau insha kwa sababu "yeye ni wa sayansi" anajifungia mlango ambao atautafuta baadaye.

Nje kumebadilika pia

Baada ya 2019 mambo yalipanda kwanza, kisha yakashuka. Microsoft ilikuwa imefungua kituo chake cha uhandisi Nairobi mwaka 2019, na Aprili 2022 Google ikatangaza chake. Vituo hivyo viliinua mishahara ya wenye uzoefu, kiasi kwamba kampuni changa za humu nchini zililalamika kunyang'anywa watu. Mwishoni mwa mwaka huo huo upepo ukageuka. Riba zilipanda Marekani, fedha za wawekezaji zikapungua, na kampuni kubwa zikaanza kupunguza watu: Meta ilitangaza kuwaondoa 11,000 Novemba 2022, Google 12,000 na Microsoft 10,000 Januari 2023. Kampuni changa za Kenya zilizotegemea wawekezaji wa nje ziliumia pia. Sendy, iliyokuwa ya usafirishaji wa mizigo, ilifunga mwaka 2023. Kila kampuni inapofunga huwatupa sokoni wahandisi wenye uzoefu, na hao huwania hata nafasi ambazo chipukizi angezipata.

Kisha kuna akili bandia. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mashine zinaweza kuandika kwa dakika moja vipande vya msimbo ambavyo zamani vilipewa mwanafunzi wa mafunzo ya kazini ili ajifunzie mkono. Wapo wanaosema taaluma yote itakwisha, na wapo wanaosema hakuna kitakachobadilika. Kauli zote mbili ni za watu wenye haraka. Linaloonekana tayari ni kwamba kazi rahisi, ambazo ndizo zilizokuwa ngazi ya chini kabisa, zimepungua thamani, na uwezo wa kukagua kazi ya mashine na kuona ilipokosea umepanda. Mashine ikiombwa kuandika mfumo wa karo, huenda ikaacha shimo lile lile la malipo kuhesabiwa mara mbili. Anayejua kuliona shimo ataajiriwa. Mwanafunzi anayeiachia mashine mazoezi yake yote ya chuoni anahitimu bila jicho hilo.

Njia ya kijana wa Mayoni

Upande wa masomo, chaguo si chache. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilicho mjini Kakamega, na Kibabii katika kaunti jirani ya Bungoma, vyote vina shule za kompyuta. Shahada huhitaji alama ya wastani ya C+ katika KCSE, na Hisabati huangaliwa sana. Aliyepata C- anaweza kusomea stashahada katika chuo cha kiufundi kama Sigalagala kisha akaendelea. Nafasi za vyuo vya kiufundi vya umma pia huombwa kupitia KUCCPS. Chuo cha kiufundi, kiwe cha umma au cha binafsi, sharti kiwe kimesajiliwa na mamlaka ya TVETA, na mzazi ana haki ya kuomba kuona usajili huo kabla ya kulipa hata shilingi moja. Kwa wasichana waliomaliza sekondari na hawana uwezo, AkiraChix ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2010 na wanawake wa Kenya wa taaluma hii, huendesha mafunzo ya mwaka mmoja yanayofadhiliwa. Nafasi ni za kugombewa, na inafaa kuomba mapema.

Shule fupi za kibinafsi za kuandika msimbo zinahitaji tahadhari ya aina yake. Baadhi ni nzuri. Zote hutangaza mhitimu mmoja aliyefaulu sana, na picha yake. Swali la kuuliza ni kuhusu darasa lake lote: kati ya walioanza naye, wangapi walimaliza, wangapi walikuwa na kazi mwaka mmoja baadaye, na kazi gani? Shule isiyoweza kujibu hayo kwa maandishi imeshajibu.

Lakini somo gumu zaidi ni lile la uzoefu: anayeanza ataupata wapi ikiwa kila mwajiri anautaka kabla ya kumpa kazi? Hapa kijana wa mashambani ana kitu ambacho mara nyingi hakitambui. Amezungukwa na kazi ambazo bado zinafanywa kwa daftari. Duka la agroveti halijui ni dawa ipi itakwisha wiki ijayo. Chama cha akiba huhesabu riba kwa kalamu na kila mwisho wa mwaka watu wanagombana. Mwenye kinu, shule ya chekechea, kikundi cha boda boda, kanisa lenye matanga ya kuchangia, wote wana rekodi zinazopotea. Mfumo mdogo unaotumiwa na watu kumi wa kweli kila siku, kwa mwaka mzima, humfundisha mwandishi wake yale ya sehemu iliyotangulia: utaharibika, watamlaumu, atarekebisha, utaharibika kwingine. Kwenye mahojiano ya kazi atakuwa na la kusimulia ambalo aliyefanya mazoezi ya kitabuni hana.

Historia ya M-Pesa yenyewe ina funzo kuhusu hili. Ilipozinduliwa Machi 2007, programu yake ilikuwa imetengenezwa na kampuni ya Uingereza, na hadi 2015 mitambo yake mikuu ilikaa Ujerumani. Huduma iliyobadilisha kila soko la Kenya haikuwapa waandishi wa programu wa Kenya kazi nyingi mwanzoni. Kazi ziliongezeka Safaricom ilipofungua mwaka 2017 mlango uitwao Daraja, unaoruhusu mwandishi yeyote kuunganisha mfumo wake na malipo ya M-Pesa. Tangu hapo, kijana anayeijua Daraja vizuri ana ujuzi ambao duka, shule na SACCO za hapa zinauhitaji, na ambao mhandisi wa California hana sababu ya kuwa nao.

Kazi hizo ndogo hulipa kidogo, na nyingine hazilipi vizuri hata kidogo. Hilo lisifichwe. Hata hivyo ziwe na makubaliano ya maandishi, karatasi moja inatosha: nini kitatengenezwa, kwa kiasi gani, nani atalipia bando na ukarabati mfumo ukishaanza. Ndugu na marafiki ndio wateja wagumu zaidi hapa, kwa kuwa wao huona kukaa mbele ya kompyuta si kazi ya kulipiwa. Na kwa kuwa mfumo wa chama au shule hubeba majina na nambari za simu za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humhusu hata mwandishi wa kijijini: asichukue habari asizohitaji, wala asiziache wazi kwa kila mtu.

Njia ya pili ni kufanya kazi mahali ambapo watu wataiona. Mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Wakenya kadhaa wakiongozwa na wito wa Ory Okolloh walijenga kwa siku chache tovuti ya Ushahidi, iliyokusanya taarifa za matukio na kuziweka kwenye ramani. Mwandishi wake mkuu wa msimbo, David Kobia, alikuwa akiishi Marekani wakati huo. Msimbo ulifanywa huria, yaani kila mtu aliweza kuusoma na kuuboresha, na miaka miwili baadaye ukatumika katika tetemeko la ardhi la Haiti. Programu huria bado zinaruhusu jambo hilo: kijana aliye Mayoni mwenye bando anaweza kurekebisha hitilafu katika programu inayotumiwa duniani, na jina lake likabaki kwenye rekodi ambayo mwajiri yeyote anaweza kuikagua. Haihitaji kujuana na mtu. Inahitaji subira, maana marekebisho ya kwanza mara nyingi hukataliwa.

Kujuana, hata hivyo, kuna nguvu. Nafasi nyingi za Nairobi hupita kutoka kwa mhandisi mmoja hadi kwa mwenzake kabla ya kutangazwa, na aliyesoma mbali na jiji huzikosa. Mikutano ya waandishi wa programu, ya ana kwa ana na ya mtandaoni, na mafunzo ya kazini katika ofisi za umma, hospitali na SACCO ndizo njia za kawaida za kujulikana. Kijana asingoje mwaka wa mwisho wa chuo ndipo atafute.

Kazi zinazojifanya za taaluma hii

Si kila kazi ya mtandaoni ni hatua kuelekea uhandisi. Mpango wa Ajira wa serikali ya kitaifa, ulioanza mwaka 2016, umewafundisha vijana wengi kupata kazi za kunakili sauti, kuingiza data na kuandika, na zipo zinazolipa mahitaji ya kila siku. Nyingine ni za kuifundisha akili bandia kwa kuweka alama kwenye picha na maandishi. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba Wakenya waliofanya kazi hiyo Nairobi kwa ajili ya ChatGPT walipata chini ya dola 2 kwa saa, baadhi wakisoma maandishi ya kutisha kutwa nzima. Kazi ya aina hii inaweza kulipia bando la kujifunzia usiku. Miaka mitano ndani yake haimfanyi mtu kuwa mhandisi wa programu, na mwajiri hataihesabu hivyo.

Na yule anayedai "ada ya usajili" ili ampe mtu kazi ya kompyuta ng'ambo ni tapeli. Mwajiri wa kweli hulipa, halipwi.

Mshahara unapofika

Tuseme miaka hiyo imepita na ofa imekuja. Namba iliyo kwenye barua siyo itakayoingia benki. Kwa aliyeajiriwa nchini, kodi ya mapato hufika asilimia 30 kwa sehemu ya mshahara inayozidi shilingi 32,333 kwa mwezi, na hupanda zaidi baada ya shilingi 500,000. Kuna asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, asilimia 1.5 ya nyumba, na NSSF. Baada ya hapo kuna kodi ya nyumba ya Nairobi, na kuna nyumbani. Kijana wa kwanza katika ukoo kupata mshahara wa aina hii huombwa karo, matibabu na michango ya matanga tangu mwezi wa kwanza, na wengi huona haya kusema hawana. Familia inayoketi mapema na kukubaliana kiasi fulani cha kila mwezi humwachia nafasi ya kuweka akiba. Akiba hiyo ni muhimu kwa sababu kampuni hizi hufunga, kama ilivyoonekana, na barua ya kuachishwa inaweza kuja kwa barua pepe asubuhi.

Anayefanya kazi na kampuni ya nje akiwa hapa nchini mara nyingi hatakuwa mwajiriwa kisheria, atakuwa mkandarasi. Hakuna anayemkatia kodi, kwa hiyo mwanzoni pesa huonekana nyingi. Lakini KRA bado inamdai, na ripoti yake ya mwaka inapaswa kuwasilishwa kabla ya Juni 30 kupita. Likizo, ugonjwa, uzazi na uzeeni ni juu yake mwenyewe: atajisajili na kujilipia bima ya afya na NSSF, au atakuwa bila. Mkataba wake unaweza kukatwa kwa taarifa ya wiki mbili.

Akilipwa kwa dola, kuna jambo moja zaidi. Januari 2024 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu 130. Mtu aliyelipwa dola 1,000 kwa mwezi alipoteza kama shilingi 30,000 bila kukosea lolote kazini. Waliochukua mkopo wa gari au wa ploti mwezi Januari kwa hesabu ya 160 walilipa marejesho yale yale mwezi Julai kwa mapato madogo. Kabla ya kutia sahihi mkataba wa aina hiyo, mhandisi aangalie vipengele vinne: malipo ni kwa sarafu gani, yanafika siku gani ya mwezi, notisi ya kuachana ni ya muda gani, na msimbo anaouandika nje ya saa za kazi ni mali ya nani. Cha nne ndicho husahaulika, na mikataba mingine huuchukua wote, hata ule wa mfumo wa chama cha mama yake.